Saruji iache kwanza: kwa mafundi wanaoanza na nyumba za zamani Mwanza

Wadogo zangu, kila masika yakiisha hali ni ileile Isamilo, Mabatini hadi Kirumba: nyumba ya tofali za udongo iliyopigwa lipu mpya ya saruji mwaka jana, mwaka huu inamwaga vipande barazani. Fundi anaitwa tena, anaongeza mfuko. Tusiendelee hivi.

1. Ukuta wa zamani unapumua, msiuzibe. Nyumba hizi zimejengwa kwa udongo au chokaa, na nyingi hazina kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, kisha hutoka taratibu kupitia lipu laini ya zamani. Ukipiga saruji 1 kwa mchanga 3, umefunga mlango huo. Maji hayaachi kupanda. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yanabeba chumvi ya udongoni, na chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Zaidi ya hapo kuna jua: saruji ngumu hutanuka na kusinyaa tofauti na tofali laini, nyufa nyembamba zinatokea, mvua inaingia na haitoki. Gonga kwa vifundo vya vidole usikie mlio wa uwazi. Siku lipu inapodondoka, inang'oa na uso wa tofali. Hapo ndipo wengi mnaongeza saruji na kubandika wavu wa kuku, na ukuta unazidi kuoza ndani bila mtu kuuona. Inauma, maana tofali hizo zilikuwa nzima.

Fanyeni hivi. Bandueni lipu kwa tindo na nyundo, taratibu, hadi sm 30 juu ya alama ya unyevu. Kwangueni viungo vya kati ya tofali kina cha sm 2. Chumvi iondoeni kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Subirini ukuta ukauke, na kwa Mwanza miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenu. Changanyeni chokaa 1 kwa mchanga 3, chokaa iwe imelowekwa angalau siku nzima, wiki ni bora zaidi. Mchanga uwe wa mtoni, wenye punje kubwa na ndogo, umechekechwa. Ule laini wa punje sawasawa hupasuka. Lowesheni ukuta bila kuumwagia maji, pigeni tabaka la mm 10, na tabaka la pili lisubiri hadi kidole kisizame ila ukucha uache alama. Funikeni kwa magunia mabichi wiki nzima. Mkimaliza, pakeni chokaa. Rangi ya mafuta inarudisha ugonjwa uleule.

Kama ni tofali za kuchoma na viungo vya saruji, saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 inatosha.

2. Kabla ya lipu, tafuteni maji yanatoka wapi. Nyuma ya nyumba nyingi huku kuna jabali la mlimani, nalo halinywi maji: mvua inateremka juu yake na kupiga ukuta wa nyuma. Chimbeni mfereji upande wa mlimani, chini ya usawa wa sakafu, wenye mteremko wa sm 1 kwa kila mita, mjaze kokoto. Udongo wa nje ushushwe sm 15 chini ya sakafu. Wenye nyumba huujaza kila mwaka kwa nia njema kabisa, muwaeleze kwa upole.

3. Bati: msumari uingie mgongoni mwa wimbi la bati, kamwe bondeni.

4. Fremu za milango na madirisha: chomeni kwa bisibisi. Ikizama, kateni sehemu iliyooza tu na muunge mbao ya aina hiyohiyo. Njia ya mchwa ifuateni hadi ardhini kabla ya kuipangusa.

5. Dari au paa la asbesto: msikate, msitoboe, msivunje. Simamisheni kazi, mwenye nyumba awasiliane na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

6. Ufa: wekeni alama za penseli kwenye ncha zake, andikeni tarehe na upana, pimeni tena baada ya masika na mwisho wa kiangazi. Usiosogea, jazeni chokaa. Unaopanuka, hasa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, fukueni kando ya msingi. Huku kwetu mara nyingi nusu ya msingi imekaa juu ya jabali na nusu juu ya udongo. Upande wa udongo ndio unaozama, na ndio wa kuimarisha kabla ya kugusa ukuta.