Maswali ya Wasomaji: Visanamu vya Mchezo kwa Mfuko Mwembamba

*Yaya Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na ninakaa katika komine (wilaya ya mji) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi. Mwaka jana binamu yangu alirudi kutoka Johannesburg akaniletea maboksi mawili ya HeroClix, na tangu siku hiyo mchezo huu haunitoki moyoni. Kila mwezi ninaweza kuweka kando dola 15, si zaidi. Ninatamani kukamilisha seti nzima, lakini maboksi huja yamefungwa na mtu hawezi kujua kilichomo. Nianzie wapi ili fedha zangu zisipotee bure?*
Mwanafunzi wa Kenya

Mdogo wangu, niruhusu kwanza niwaeleze wasomaji wengine tunazungumzia nini. HeroClix, mchezo wa mezani wa kupambanisha visanamu vya mashujaa wa vitabu vya katuni, ulitolewa mwaka 2002 na kampuni ya WizKids ya Marekani, ambayo miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imetoa Mage Knight, mchezo uliotangulia kutumia kitako kinachozunguka. Kila kisanamu ni cha plastiki, kimepakwa rangi kiwandani, nacho husimama juu ya kitako cha duara chenye kisahani ndani yake. Kisahani hicho kina namba za mwendo, shambulio, ulinzi na madhara, na kila kinapozungushwa hutoa mlio mdogo wa "klik". Shujaa akiumizwa, mchezaji huzungusha kisahani mara kadhaa, namba zikabadilika, mpaka herufi KO zionekane na shujaa aondolewe ubaoni. Anayeshambulia hurusha dadu mbili, hujumlisha na namba yake ya shambulio, kisha hutazama kama jumla imefikia namba ya ulinzi ya adui. Hakuna haja ya daftari wala kalamu, kwa kuwa habari yote ya majeraha hukaa katika kitako chenyewe, na kwa maoni yangu huo ndio uzuri mkubwa wa mchezo huu.

Sasa nije kwenye swali lako. Ushauri wangu wa kwanza hautakupendeza: achana na wazo la kukamilisha seti. Sisemi hivyo kwa kudharau hamu yako, kwani mimi pia nimeijua hamu hiyo. Nasema kwa sababu ya hesabu. Tuseme seti ina visanamu 20, na vyote vina nafasi sawa ya kutoka katika boksi. Ili upate 10 vilivyo tofauti, utahitaji kwa wastani kufungua visanamu 13 au 14 tu. Ukitaka vyote 20, wastani huo unapanda hadi karibu 72, na kile kimoja cha mwisho, kinapobaki peke yake, kitakudai kwa wastani visanamu 20 kati ya hivyo. Na hapo tumefanya hesabu ya ukarimu, kwa maana katika seti za kweli visanamu havina nafasi sawa: viko vya kawaida, viko adimu, na viko adimu mno vinavyowekwa katika maboksi machache sana. Kwa hiyo boksi lililofungwa humtendea wema anayeanza na humnyang'anya anayekaribia kumaliza. Kwa kawaida boksi moja huwa na visanamu vitano. Mawili ya binamu yako yamekwisha kukupa wema huo. Usinunue jingine.

Badala ya seti, jiwekee shabaha ya meza. Kila kisanamu kina thamani yake ya pointi, na pambano la kawaida huwapa wachezaji wawili pointi 300 kila mmoja. Ukiwa na visanamu vinavyofikisha pointi 600, vilivyogawanyika vizuri katika vikosi viwili, una mchezo mzima ndani ya nyumba, na rafiki anayekutembelea hahitaji kuwa na chochote. Hiyo ni shabaha ambayo mtu wa dola 15 kwa mwezi anaweza kuifikia, mradi anunue kisanamu kimoja kimoja anachokijua kwa jina, au fungu la visanamu vilivyotumika kutoka kwa mtu anayeacha kucheza.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Bei ya kisanamu haifuati pointi zake. Hufuata uadimu wake na umaarufu wa shujaa. Kisanamu cha kawaida cha pointi 50 kinaweza kupigana kwa heshima na kile cha pointi 50 kinachouzwa kwa bei mara kumi. Katika seti za mwanzo, shujaa yule yule alitolewa katika ngazi tatu, zikitambulishwa kwa pete ya kitako: njano kwa asiye na uzoefu, buluu kwa aliyekwisha kuzoea, na nyekundu kwa mkongwe, pete ya rangi ya fedha ilikuwa ya wale wa pekee. Tafuta njano na buluu. Wana pointi chache, watu hawawagombanii, na kikosi cha watu watano wanaosaidiana hufundisha mchezo vizuri zaidi kuliko jitu moja lililomeza akiba ya miezi mitatu. Mashindano rasmi kwa kawaida hutaka seti za miaka ya karibuni, na ndiyo maana visanamu vya zamani hushuka bei. Lakini wewe unacheza na wenzako nyumbani, kwa hiyo mchezo wa wale wa mashindano ndio unaozeeka, wako hauzeeki.

Kanuni usizinunue. Mchapishaji huziweka bure kwenye intaneti pamoja na karatasi inayoeleza nguvu za mashujaa. Ukienda kwenye fotokopi, kubali kulipia rangi kwa karatasi hiyo ya nguvu, kwa sababu nguvu hutambuliwa kwa rangi ya kiraba kilichozunguka namba. Ukiichapa kwa wino mweusi peke yake itakuwa haina maana. Ramani nayo ichore mwenyewe juu ya kartoni au nyuma ya kalenda kubwa: viraba 16 kwa 24, kila kimoja kikiwa na upana wa inchi moja na nusu, yaani karibu sentimita 3.8. Kuta zichore kwa wino mzito, na miti au magari yatie rangi.

Kinachobaki ni usafirishaji, na hapo ndipo wengi wa hapa Lubumbashi wanapoumia. Kisanamu cha dola moja kikiagizwa peke yake kinaweza kufika kikiwa kimegharimu dola kumi. Tafuta wenzako watatu. Mkiweka kila mmoja dola 15 kwa miezi mitatu, mtakuwa na dola 180 na mtaagiza mara moja tu, ama kwa wakala anayekusanya mizigo na kutoza kwa kilo, ama kwa ndugu anayerudi safari. Mwombeni muuzaji aondoe maboksi ya nje, afunge kila kisanamu kwa karatasi laini, kisha ajaze nafasi zote za kartoni ili visigongane. Na kabla ya kulipa, mwulizeni wakala ushuru wa forodha umo katika bei yake au haumo. Jibu alitoe kwa maandishi. Akiba yenyewe iwekeni katika noti zisizo na mkunjo wala mpasuko, maana unajua hapa kwetu noti ya dola iliyochanika hata ukucha mmoja hukataliwa.

*Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka 13 alitumia nauli yake ya wiki mbili kununua boksi la visanamu kutoka kwa mwanafunzi mwenzake, akawa anatembea kwa miguu hadi shuleni bila kuniambia. Je, huu si mchezo wa kamari?*
Mama wa Kampemba

Mama, hofu yako ina msingi, na nisingependa uipuuze. Mchezo wenyewe si kamari: hakuna anayeweka fedha mezani, na dadu mbili zinataka hesabu na subira, kama vile kisolo, mchezo wa bao wa Waluba, kinavyotaka kuhesabu mbegu na kuona mbele. Tatizo ni lile boksi lililofungwa, ambalo humfanya mtoto alipe fedha ya kweli kwa ajili ya tumaini. Tenganisha vitu hivyo viwili. Mruhusu acheze, na umwambie kwamba maboksi yaliyofungwa yatakuja kwa zawadi tu, siku ya kuzaliwa au Noeli, na kwamba siku nyingine atanunua kisanamu anachokiona kwa macho, baada ya kukuonyesha bei na pointi zake. Kuhusu nauli, ningemwita na kumwuliza kwa utulivu kwa nini aliona ni rahisi kutembea kuliko kukuomba. Jibu lake lina thamani kuliko adhabu.

*Nimenunua fungu la visanamu vilivyotumika. Viwili vina panga zilizopinda, na kimoja kisahani chake hakizunguki. Nifanye nini?*
Msomaji wa Katuba

Panga ni jambo dogo. Tumbukiza sehemu iliyopinda katika maji ya moto, yasiyochemka, kwa muda mfupi, plastiki italainika. Inyooshe kwa vidole, kisha itie mara moja katika maji baridi ili ishike umbo hilo. Kitako usikitie majini.

Kisahani kilichokwama usikilazimishe, kwani meno yake yakivunjika hakuna tiba. Kwanza angalia kama mwenye mali wa zamani aliwahi kugundisha miguu ya kisanamu kwa gundi kali, ikapenya katikati. Ukiona alama ya gundi, kubali kwamba namba zimekufa. Kigeuze kiwe pambo la ramani, au mng'oe shujaa taratibu umhamishie kwenye kitako kizima. Kama ni vumbi tu, pitisha brashi laini kavu ukingoni, kisha sogeza kisahani kidogo mbele na kidogo nyuma, mara nyingi, mpaka usikie mlio wake wa kwanza.