Mke wa Pili wa Niel Gow

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia kwamba huko Edinburgh umepata wenzio wa kupiga nao fidla. Unaniuliza habari za wimbo wanaoupenda kuliko zote, ule wa maombolezo ya Niel Gow, mpiga fidla wa Scotland wa zamani, kwa kifo cha mke wake wa pili. Unataka kujua huyo mke ni nani, na kwa nini jina la mume limo kwenye wimbo lakini la marehemu mwenyewe halimo. Swali lako la pili limenigusa, nitalifikia.

Aliitwa Margaret Urquhart. Usidhani alikuwa mke mwenza. Mke wa kwanza, Margaret Wiseman, ndiye aliyemzalia Niel watoto, naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka 1768 Niel alimwoa huyu Margaret mwingine, wakakaa pamoja mpaka mauti yalipomchukua bibi mwaka 1805. Hiyo ni miaka 37. Mume alibaki mjane akiwa na umri wa miaka 78, na katika umri huo ndipo akatunga wimbo huu.

Sasa umjue Niel mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1727 huko Perthshire, akakulia na kuishi Inver, kijiji kidogo karibu na mji wa Dunkeld, kando ya mto Tay. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na yeye pia alifundishwa kufuma. Fidla alianza kujifunza mwenyewe tangu utotoni. Mwaka 1745, akiwa kijana wa miaka 18, aliingia mashindano ya wapiga fidla, na mwamuzi alikuwa mwanamuziki kipofu. Inasimuliwa kwamba yule mzee alimpa Niel ushindi na kusema angeutambua upinde wake hata katikati ya wapigaji mia. Naamini kabisa, maana waliomsikia walisifu zaidi ule mvuto wa upinde wake ukienda juu. Wengi wetu tukisukuma upinde kwenda juu sauti hupungua nguvu. Yake haikupungua, na kwa anayewapigia watu fidla wacheze dansi usiku kucha hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya hapo ukoo wa Duke wa Atholl, mmoja wa wakubwa wa Scotland, ukamchukua chini ya ulezi wake, akawa anaitwa kwenye dansi za mabwana, ndugu yake Donald akimsindikiza kwa selo. Mshairi Robert Burns alipita Dunkeld mwaka 1787, akaonana naye na kuandika kwa upendo juu ya mwili wake mfupi uliojaa na nywele zake zilizoanza mvi. Mchoraji Henry Raeburn naye alimchora amekaa na fidla yake, amevaa suruali fupi ya tartani, kile kitambaa cha mirabamiraba cha Scotland, na soksi ndefu. Picha hiyo utaiona hapo hapo Edinburgh. Ukiitazama, angalia vidole.

Nirudi kwenye lile la jina. Wakati ule mtunzi wa Scotland aliishi kwa fadhila za wakubwa, na nyimbo nyingi zilibeba majina yao: bibi wa kasri fulani, binti wa bwana fulani, kapteni wa mahali fulani. Familia ya mkubwa ikitajwa kwenye wimbo ilipata heshima, na kitabu kilipata wanunuzi. Niel alikuwa ametunga maombolezo mengine kabla ya hayo, ya James Moray wa Abercairny, aliyekuwa mfadhili wake, nayo yana jina kamili la marehemu na mahali alipotoka. Margaret hakuwa na kasri. Kwa wanunuzi wa vitabu vya muziki, jina lenye uzito lilikuwa Niel Gow, basi mke akatajwa kwa mumewe. Naona nawe kwamba si haki, na sitaki kuipamba. Lakini tazama pia upande huu: mabibi wengi waliotajwa kwa majina yao yote, nyimbo zao leo hupigwa mara chache, na wakati mwingine hazipigwi kabisa. Wimbo wa huyu mwanamke wa kijijini haujaacha kupigwa kwa zaidi ya miaka 200.

Niel alifariki Machi 1, 1807, akazikwa Little Dunkeld. Wimbo ulichapishwa mwaka 1809 katika mkusanyo wa tano wa familia ya Gow. Mwanawe Nathaniel, aliyekuwa na biashara ya muziki Edinburgh, ndiye aliyeiendeleza kazi ya baba yake. Kwa hiyo mtunzi mwenyewe hakuwahi kuuona kwenye kitabu. Huwa nalifikiria hilo kila ninapoupiga.

Na kuhusu kuupiga, nina la kukuambia. Uko katika D meja, ngazi ya sauti ambayo kwa kawaida husikika ya furaha, na wenzio wasioujua watashangaa maombolezo kuwa kwenye meja. Usijaribu kuutia huzuni ambayo haimo. Mzee huyu anamkumbuka mtu aliyeishi naye vizuri, na shukrani ndiyo imetangulia. Sehemu ya kwanza iache ikae chini, mvuto mrefu, mapigo sita yakitembea polepole bila kusukumwa. Sehemu ya pili inapanda, na hapo ndipo vijana hukosea: wanaongeza nguvu. Punguza uzito wa upinde kadiri unavyopanda, vidole vitikisike kidogo tu, halafu teremka bila haraka. Mapambo yetu ya taarabu yaweke pembeni kwa wimbo huu. Nami nayapenda kama uyapendavyo, lakini hapa yanaziba njia.

Ukipata siku ya mapumziko, panda treni mpaka Dunkeld, halafu tembea mpaka Inver. Kando ya Tay kuna mwaloni mkubwa unaoitwa kwa jina la Niel, husemwa alikuwa akikaa chini yake akitunga. Na mkiupiga tena na wenzio, waambie kabla ya kuanza kwamba huyo mke aliitwa Margaret Urquhart. Kisha nirekodie, nisikie sehemu ya pili umeishikaje.

Baba yako