DEXA ilisema mifupa iko poa, CT inasema imepungua. Tuamini ipi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 68, juzi kapigwa CT ya tumbo (zile picha za eksirei za vipande vipande) kwa ajili ya mawe kwenye figo, chini ya ripoti wameandika mifupa ya mgongo imepungua, pingili ya L1 ni HU 92. Mwaka juzi alipima DEXA ya mgongo (eksirei ya kupima wingi wa madini kwenye mifupa) akaambiwa yuko vizuri. Sasa CT ya tumbo inapimaje mifupa? Tumrudishe apigwe CT ya mgongo kabisa?

JIBU: Marahaba. CT nyingine msikimbilie, mionzi yake ni mingi kuliko ya DEXA na mnachotafuta mnacho tayari. Huwezi kupiga picha ya tumbo ukaukwepa mgongo, kwa hiyo pingili zimo humo humo hata kama hakuna aliyeziomba. Daktari wa radiolojia anachora kiduara katikati ya L1, yaani pingili ya kwanza ya kiunoni, pale ndani penye vitundu vitundu kama sifongo, kompyuta inamwambia mionzi imezuiwa kiasi gani, na namba hiyo ndiyo HU. Maji ni 0, hewa ni -1000, madini yakiwa mengi namba inapanda. Kwa kawaida ikizidi 160 hatuna presha, ikishuka chini ya 110 tunashtuka, kwa hiyo hiyo 92 mi siwezi kuifumbia macho.

Na DEXA haikudanganya, ila ile ni picha bapa, inajumlisha kila kilichokaa kwenye njia ya mionzi, na umri ukienda pingili zinaota miba pembeni, mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele ya mgongo nao unaweza kujaa chokaa, vyote vinahesabiwa kama mfupa basi majibu yanatoka mazuri kuliko hali halisi. CT inaingia ndani kwenye vile vitundu, na ndiko mfupa unakoanza kupungua.

Lakini namba ya HU nayo ina vituko vyake. Kama alichomwa dawa ya kung'arisha mishipa inapanda yenyewe (CT ya mawe kwa kawaida haina hiyo dawa, afadhali), na pingili ikishabonyea mfupa unashindiliwa, namba inapanda tena wakati hali ndio mbaya. Ndio maana muombe waangalie picha za upande, kuna pingili iliyobonyea au hamna? Nyingi zinavunjika kimyakimya, mtu anajua ni mgongo tu wa uzee, na mimi kwa kweli pingili iliyobonyea bila ajali inanitisha kuliko namba yoyote.

Kuna CT maalum ya mifupa pia, inatoa majibu kwa miligramu kwa kila sentimita ya ujazo, chini ya 80 ni osteoporosisi (mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi), 80 mpaka 120 mfupa umepungua, na kuna programu zinaibebesha pingili mzigo ndani ya kompyuta kuona itavunjika wapi. Kwa mama hatujafika huko. Beba CD ya picha, aonwe na daktari, apime DEXA ya nyonga maana kule hakuna ile miba ya mgongo. Na msisahau damu: kalsiamu, vitamini D na homoni ya paratiroidi, kwa sababu mawe ya figo na mfupa kupungua kwa mtu mmoja, wakati mwingine chanzo ni kitezi kimoja kidogo shingoni kinachotoa hiyo homoni kupita kiasi na kunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na hicho kinatibika.