Utendi wa Mwana Kupona usomwe au usisomwe?

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili. Jambo hili ningependa tulizungumze ana kwa ana, lakini arusi haingoji. Unasema shangazi zako wameshapanga Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la mama akimwusia bintiye, usomwe usiku wa bibi arusi, kama tulivyosomewa sisi, na mchumba wako amekataa. Kasema hawezi kukaa mbele ya watu akasomewa kwamba pepo yake imo mkononi mwa mumewe. Nawe waniuliza nani mwenye haki, na kama wake wa zamani waliishi hivyo kweli.

Kwanza nikwambie kwamba mchumba wako hakuzua. Beti hizo zimo. Mama anamwambia bintiye kwamba siku ya kufufuliwa mumewe ataulizwa amtakalo, na alitakalo ndilo atakalotendewa: akisema aende peponi ataingia, akisema motoni hana budi atatiwa. Anamwambia akilala mumewe asimwamshe, asikose mtu wa kumpepea, amtunze kama mtoto asiyejua kusema, wala asitoke ila kwa idhini yake. Msichana aliyesoma, anayefanya kazi na kulipa kodi ya nyumba, akisikia hayo moyo utamshtuka, na mimi simlaumu hata kidogo.

Lakini nataka umjue anayesema. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho, mtu aliyekataa kuinamia Unguja mpaka majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, yakapata kipigo Siyu miaka ya 1840. Alipoutunga utendi, mwaka wa Hijra 1275, yaani 1858, alikuwa mjane na mgonjwa. Mwenyewe anasema maradhi yamemshika hata yametimia mwaka. Anamwita bintiye, Mwana Hashima, asogee na wino na karatasi, maana moyoni ana maneno. Msichana yule hakuwa na baba tena, na mama alikuwa njiani kuiaga dunia.  Mtoto kama huyo ataolewa, na akikosana na mumewe ataegemea wapi? Mimi nikisoma beti zile nasikia mama anayemtafutia mwanawe usalama kwa njia pekee aliyoijua, na njia hiyo wakati ule ilipita kwenye radhi ya mume.

Hilo halifanyi kila alichokisema kiwe sheria kwa mkeo. Lakini wale wanaosema alikuwa mwanamke aliyefundishwa kunyamaza, wamwangalie vizuri: alitunga beti 102, na mwishoni akaweka jina lake, na mji aliozaliwa, na tarehe. Wanaume wangapi wa Siyu wa wakati ule tunawajua kwa maneno yao wenyewe?

Tena ni nadra watu kuusoma wote. Alice Werner na William Hichens walipouchapa Uingereza mwaka 1934 waliutia jina la nasaha juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo wengi huuona kama kitabu cha kumtii mume tu. Beti za mume hazifiki nusu. Kuna dini, kuna adabu ya kuzungumza na watu, na kuna dua ndefu ambamo anawaombea wanawe na ndugu zake na Waislamu wote. Mimi dua ile ndiyo huniliza.

Sasa kuhusu wake wa zamani waliishije. Usidhani walikuwa na hali moja. Mwaka 1844, wakati Mwana Hashima akiwa bado mtoto mdogo, kulizaliwa Unguja Sayyida Salme, binti wa huyo huyo Sayyid Said aliyepigana na watu wa Siyu. Baadaye aliolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, akaenda kuishi Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Ndani yake tunaona nyumba ya baba yake kwa jicho la aliyelelewa humo. Mke mkuu, Bibi Azza binti Seif, alikuwa mfupi, hakuwa na uzuri wa kusifiwa, wala hakuwa na mtoto, na bado Sayyid alifuata matakwa yake. Mtu aliyeitawala pwani nzima! Salme anakasirika na Wazungu waliodhani kila mke wa Mashariki ni mtumwa wa mumewe. Na kweli, mke wa Kiislamu alimiliki mali yake mwenyewe karne nyingi kabla ya sheria ya 1882 iliyowapa wake wa Uingereza haki hiyo.

Salme huyo huyo, lakini, mama yake alikuwa suria. Alinunuliwa akiwa mtoto, kutoka nchi ya Wacherkesi, huko Kaukazi. Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo, kwa sababu shangazi zako na mchumba wako wote wamepapita. Katika utendi Mwana Kupona anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Basi katika nyumba ile kulikuwa na wanawake wengine, waliopika na kuchota maji, na huenda ndio waliopepea. Hao hakuna aliyewaita na wino na karatasi. Mjakazi hakuweza kuolewa bila ridhaa ya bwana wake, na akitwaliwa kuwa suria hakuulizwa. Amri ya kufuta utumwa ilipotolewa Unguja mwaka 1897, masuria waliachwa nje, ikadaiwa kwamba wao ni kama wake. Walingoja mpaka 1909. Fikiria: miaka 12 mwanamke anaambiwa huna haja ya uhuru kwa kuwa wewe ni kama mke. Tukisimulia historia ya wake wa pwani tukawaacha hao, tumesimulia ya waungwana peke yao. Na nasaba zetu sisi sote, tukizifuata kwa ukweli, zinapita kwa wanawake hao pia.

Nakuja kwenye swali lako hasa. Wewe ndiye bwana arusi, na nina jambo la kukwambia kabla ya mchumba wako. Katikati ya utendi, mama anasimulia ndoa yake:

Niowene naye babako
kwa furaha na kicheko
tusondoleane mbeko
siku zote twalokaa.

Hawakuvunjiana heshima, wote wawili. Anaendelea kusema hawakuteta hata siku moja, na faradhi ya kifo ilipomjia mumewe alimkariria radhi zake. Radhi ile anayomhimiza bintiye aitafute, yeye aliipata kwa mtu aliyecheka naye na kumheshimu. Beti hizi sijazisikia zikitiliwa mkazo usiku wa arusi, na sijapata kumwona mzee akimwita kijana wa kiume pembeni akamsomea. Kijana anaingia ndoani akiwa amesikia anachodaiwa mkewe tu.

Mimi nakusomea wewe. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alifanya kazi kwake kabla ya kumuoa. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake. Na yeye mwenyewe Mtume alisema mbora wenu ni aliye mbora kwa ahali zake. Mtu anayeshika ubeti wa pepo na moto akaacha haya, huyo amechagua linalomfaa.

Kwa hiyo, jibu langu ni hili. Beti za kufufuliwa zisisomwe usiku ule. Mchumba wako ana haki ya kutotishwa siku ya furaha yake. Shangazi zako niachie, nitakwenda Jumapili nizungumze nao, na wao si watu wabaya, wanaupenda utendi kwa kuwa waliusikia kwa mama yao. Nitapendekeza isomwe dua, na beti za Mwana Kupona na mumewe, na zisomwe nawe ukiwapo. Mwulize kwanza mchumba wako. Akisema hata hizo hazitaki, basi hazitasomwa, na mimi mwenyewe nitawaambia kwamba uamuzi ni wangu, asije akaingia nyumba ya watu na lawama mgongoni.

Nijibu kabla ya Ijumaa, na umwambie anipigie mwenyewe kama ana la kusema.

Wasalaam,
Mamako