Nauza madaftari, la kwangu sikuwa nalo

Duka langu lipo Morogoro, hatua chache kutoka geti la shule ya msingi. Nauza madaftari, kalamu, rula na bahasha, na pembeni nina mashine ya kutoa kopi. Januari 2021 nilikwenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kufanyiwa makadirio ya kodi kwa mara ya kwanza.

"Mama, kwa mwaka unauza kiasi gani?" afisa aliniuliza.

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba haifiki hata milioni 5.

"Daftari la mauzo unalo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mimi ninayeuza madaftari kwa rundo sikuwa na hata moja la kwangu. Mganga hajigangi.

Niliwekwa kwenye kundi la mauzo ya milioni 7 hadi 11, na asiye na kumbukumbu katika kundi hilo alikuwa analipa shilingi 250,000 kwa mwaka. Nilitoka pale nimenuna. Wiki nzima kila aliyeingia dukani alisimuliwa jinsi nilivyoonewa, mpaka jirani yangu muuza mchele akachoka kunisikiliza: "Sasa dada, utabishana na kitu gani mkononi? Andika kwanza, utabishana mwakani."

Nikaandika. Desemba nikajumlisha, nikarudia, nikampa mwanangu wa kidato cha pili naye ajaribu. Jibu likawa lile lile: milioni 9 na laki 2. Kumbe afisa alinipanga panapostahili, na mimi mwenye duka ndiye niliyekuwa sijui ninauza kiasi gani. Nilikuwa nakumbuka Juni na Desemba, shule zimefungwa, nashinda nafukuza nzi. Januari, watoto wanapopanga foleni hadi barabarani, pesa ilikuwa inaingia na kutoka bila mimi kuihesabu.

Lakini daftari lilinisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. Mwenye kumbukumbu katika kundi lile alikuwa anatozwa shilingi 90,000, halafu asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kwangu kilizidi milioni 2 na laki 2, kwa hiyo 66,000. Jumla 156,000. Mauzo hayo hayo, bila daftari, ni 250,000. Shilingi 94,000 nzima, kwa sababu ya daftari nililolitoa kwenye rafu yangu mwenyewe!

Nikakaa na kalamu nitazame na kundi la chini. Kati ya milioni 4 na 7, asiyeandika hulipa 100,000. Anayeandika hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, na hata akigota milioni 7 kamili haizidi 90,000. Na mwenye daftari akigota milioni 11 analipa 210,000. Basi kwa sisi tulio chini ya milioni 11, sijaona pahali ambapo kuandika kunamtia mtu hasara. Asiyefika milioni 4 hatozwi kabisa, ila atathibitishaje kwamba hakufika?

Ukivuka milioni 11 mambo ni mengine. Julai 2022 huko iliwekwa asilimia 3.5 ya mauzo yote mpaka milioni 100, na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, inakuhusu. Sheria ya Fedha inaweza kugusa viwango hivi kila Julai, kwa hiyo pita ofisi ya TRA uulize kabla hujatumia namba zangu.

Ninavyoandika hakuna ufundi. Kila jioni kabla ya kufunga mlango: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya simu. Siku ya sifuri naandika sifuri, na sababu: "mvua", "msiba". Manunuzi yana kurasa zake, risiti nazibana na pini hapo hapo. Kuhusu simu, chukua laini ya pili kwa ajili ya duka. Mimi zamani pesa za kikoba, ada ya mtoto wa dada na malipo ya wateja vyote vilipita kwenye laini moja. Mtu akiisoma taarifa ya miamala ile ataamini namiliki supamaketi. Na kumbuka, kundi hili hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Ukimwambia afisa "lakini faida ni ndogo" unajibu swali ambalo hajauliza.

Malipo ni kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ile 156,000 ni 39,000 kila awamu. Natumbukiza 500 kwenye kibubu kila siku, miezi mitatu ikiisha nina kama 45,000. Januari natumbukiza 2,000, kwa sababu najua Juni inakuja.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure. Kishoka mmoja aliwahi kunitajia elfu 30 "ya haraka" nikiwa nimesimama nje na namba yangu ya NIDA mkononi. Ndani sikudaiwa hata mia.

Pango ndilo linalogombanisha watu. Mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Ni kodi ya mwenye nyumba, wewe unaibeba tu. Nalipa 80,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mpigo, yaani 480,000, na 48,000 ndiyo ya kukata. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alitaka yake kamili, nikaogopa kufukuzwa, nikampa. Baadaye ile 48,000 nikadaiwa mimi. Siku hizi namwambia mwenye nyumba kabla hatujasaini, na inaandikwa kwenye mkataba.

Kama makadirio umeona hayakutendei haki, pingamizi ni la maandishi na ndani ya siku 30. Unatakiwa pia kulipa kile usichobishania au theluthi moja ya kodi yote, kilicho kikubwa, isipokuwa umeomba msamaha wa hilo ukakubaliwa. Kulalamika dukani, kama nilivyofanya mimi, hakuhesabiki.

La mwisho, kufunga. Mdogo wangu alifunga kibanda chake cha chipsi akaenda kulima Kilosa. Hakumwambia mtu. Aliporudi miaka miwili baadaye kufungua kingine, alikuta makadirio yalikuwa yanaendelea kumsubiri, na riba juu. Tulizunguka sana kuthibitisha kwamba kibanda hakikuwepo. Sasa ana kipya, na juzi kaja kuniomba daftari. Nimemuuzia.