Lenzi kuukuu hapa kisiwani: kwa anayeanza

Mdogo wangu, kabla hujauliza lenzi kuukuu ya kamera ipi ni bora, washa tochi ya simu. Fungua apecha yote (lile tundu la ndani linalopitisha mwanga), mulika kwa nyuma, tazama kwa mbele. Ukiona vinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe hata akikuachia kwa bei ya kutupa. Unyevu wa Unguja hauna huruma. Lenzi yangu ya kwanza ilikuwa na kinyuzi kimoja tu pembeni, nikasema si kitu, nikaitia kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi. Masika yakaingia; yalipokwisha, kioo kizima kilikuwa kimetanda. Niliumia, maana nilikuwa nimeshaizoea. Siku hizi zangu hukaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika, vinavyonyonya unyevu. Mifuko ya ngozi hushika unyevu, usiitumie. Na ukitoka ufukweni wakati wa kusi, ondoa chumvi siku ileile: puliza kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini.

Pete ya fokasi, ile unayozungusha ili picha iwe kali, iende laini; bledi za apecha, vile vibati vinavyofungua na kufunga tundu, zisiwe na mafuta. Mkwaruzo mdogo wa mbele hauna neno.

Wengi watakwambia uanze na lenzi ya milimita 50 (namba ikiwa kubwa, lenzi huona eneo finyu zaidi), kwa sababu zipo nyingi na bei yake nafuu. Kwa Mji Mkongwe mimi sikubaliani nao. Kamera nyingi tunazozimudu zina sensa ndogo (sehemu inayopokea picha), na juu yake 50 huona kama 75. Kwenye vichochoro vyetu utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, na mlango wa nakshi bado haujaingia wote. Tafuta ya milimita 28. Iweke apecha ya f/8, yaani tundu dogo (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), pete ya umbali kwenye mita 3, na kila kilicho kati ya mita 2 na 7 kitatoka kikali bila kuigusa tena. Ndivyo nipigavyo Darajani asubuhi, baada ya kusalimiana na kuomba ruhusa. Jicho langu huwa kwa mtu, si kwenye pete.

Kwa sura za watu, hapo ndipo penye raha. Naipenda sana Helios 44-2 ya Usovieti, milimita 58, f/2: ukimsimamisha mtu mbele ya mwembe na kuiacha wazi, majani ya nyuma huonekana kama yanamzunguka. Super-Takumar 50 f/1.4 ni ya Japani. Baadhi zina kioo chenye thoriamu (metali yenye mnururisho) ambacho kwa miaka hugeuka manjano, nawe ukikianika juani siku kadhaa rangi hupungua. Funika upande mmoja wa lenzi, maana jua likipita ndani yake huweza kuwasha moto.

Zote mbili ni za uzi wa M42, yaani hufungwa kwenye kamera kwa kuzungushwa kama skrubu. Kwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani, adapta ya kawaida (pete ya kuunganishia lenzi na kamera) yatosha. Kwenye Nikon ya kioo, haitoshi: lenzi hizi zinataka milimita 45.46 kutoka pale zinapofungwa hadi kwenye sensa, Nikon ina 46.5, basi vya mbali havikamatiki. Kwa hiyo kabla hujalipa, ifunge kwenye kamera yako, nenda Malindi, upige jahazi lililo mbali kabisa.