Usisaini karatasi ya kujiondoa kwenye bima ya umma Ujerumani

Usisaini. Umeandika kwamba una miaka 27, umepata nafasi ya shahada ya uzamili Leipzig, wakala wako amekutafutia bima ya euro 33 kwa mwezi na anataka fomu zake zirudi Ijumaa. Nawe unauliza kama bei hiyo ni nzuri, na kama mkeo atakayekufuata ataingia humo. Nimeona nisilale kabla ya kukujibu, kwa sababu fomu za namna hiyo nilizisaini mimi mwaka 2021 katika ofisi moja ya Kariakoo, nikiwa nimesimama na kalamu ya kuazima mkononi, huku wakala akininyooshea kidole mahali pa kuweka sahihi bila kunieleza neno hata moja la Kijerumani lililokuwa juu ya mstari ule.

Neno lenyewe ni Befreiung, yaani kusamehewa wajibu. Litafute kwenye karatasi zako sasa hivi. Sheria ya Ujerumani inamtaka mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hajatimiza miaka 30 awe mwanachama wa bima ya afya ya umma, lakini inamruhusu, ndani ya miezi 3 tangu wajibu huo uanze, kuomba asamehewe ili akate bima ya kampuni binafsi. Akishasamehewa, msamaha huo hautenguliwi: atabaki nje ya bima ya umma kwa muda wote wa masomo, hata augue, hata apate fedha za kulipia, hata aombe kwa machozi. Wakala wangu aliniambia kwamba nikifika nitaweza kubadilisha wakati wowote nikiona haifai. Alikuwa anasema uongo, au alikuwa anauza kitu asichokijua, na kwangu mimi yote mawili ni dhambi moja, maana kamisheni yake aliipokea siku ileile nami deni nikalibeba peke yangu.

Mwezi wa 14 nikaugua. Nilikuwa na vidonda vya tumbo tangu nikiwa nyumbani, navyo vilikuwa vimetulia; usiku mmoja wa Novemba nikatapika damu, nikalazwa siku 5. Daktari alipokuja na karatasi zake akaniuliza tatizo lilianza lini, nikamjibu ukweli kama mgonjwa yeyote anavyopaswa kumjibu daktari, kwamba ni kama miaka 3 hivi. Akaandika. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyonyanyuliwa kwenye ripoti na kampuni ya bima, ikapigiwa mstari, ikarudishwa kwangu kwa barua yenye kurasa 2: ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba haulipiwi. Nilipoupekua mkataba nikakikuta kifungu hicho ukurasa wa 11, wazi kabisa. Msiniambie kwamba nilipaswa kukisoma kabla. Mkataba wenyewe nilitumiwa wiki 3 baada ya kusaini.

Ankara ya hospitali ilikuwa euro 3,412. Kwa mgonjwa wa bima binafsi ankara huja kwa jina lake, nyumbani kwake, kisha yeye ndiye anayeidai kampuni imrudishie. Aliye kwenye bima ya umma huonyesha kadi, na akilazwa huchangia euro 10 kwa siku, kwa hiyo siku zangu 5 zingenigharimu euro 50. Sasa piga hesabu niliyoipiga mimi nikiwa kitandani. Wakati ule bima ya umma ilikuwa karibu euro 110 kwa mwezi, yangu euro 33. Kwa miezi 14 nilikuwa nimeokoa euro 1,078, na usiku mmoja ukachukua zaidi ya mara tatu ya fedha hizo. Akaunti yangu iliyofungwa, ile ambayo mwanafunzi huweka fedha za kujikimu kabla ya kusafiri na kutolewa kidogo kidogo, ilikuwa ikinitolea euro 861 kwa mwezi, na kati ya hizo 100 zikawa za hospitali kwa karibu miaka 3.

Nilipopata nafuu nilikwenda kwenye ofisi ya mfuko mmoja wa bima ya umma nikiwa na pasi, kitambulisho cha chuo na ile barua ya kukataliwa. Mama aliyenihudumia hakuwa mkali. Aliandika jina langu, akasoma kwa muda mrefu, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta upande wangu akanionyesha tarehe ya msamaha wangu. Akasema anasikitika, na niliamini kwamba anasikitika kweli, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na mwenye kuufunga alikuwa mimi. Ulifunguka tu nilipohitimu na kupata ajira. Wapo wenzangu waliohitimu bila kupata kazi mara moja, na ule muda wa hadi miezi 18 ambao mhitimu wa kigeni huruhusiwa kubaki Ujerumani akitafuta kazi wakaupitisha nje ya bima ya umma, kwa sababu hawakuwa na kipindi cha uanachama cha kuwaingiza.

Usinielewe vibaya kuhusu bima ya safari. Bima ya umma ya mwanafunzi haianzi kabla ya muhula, kwa hiyo ukifika mapema, kata bima ya safari ya siku hizo na usiwe na hofu nayo. Fedha zinazopotea ni zile za sahihi ya kujiondoa.

Kama unataka kuokoa fedha kihalali, okoa ndani ya bima ya umma. Mwaka 2025 mwanafunzi aliyetimiza miaka 23 na asiye na mtoto alilipa karibu euro 145 kwa mwezi, ukiweka na bima ya uangalizi, ile ya kumtunza mtu asiyejiweza kwa maradhi au uzee. Mchango wa msingi ni mmoja kwa mifuko yote, iwe AOK, TK au Barmer; kinachotofautiana ni mchango wa nyongeza, ambao mwaka huo hesabu yake ilifanywa juu ya euro 855, kiasi kilichowekwa kwa wanafunzi wote, kwa hiyo tofauti ya asilimia 1 kati ya mfuko na mfuko ilikuwa euro 8.55 kila mwezi. Linganisha hapo. Kama una mtoto, peleka cheti chake cha kuzaliwa, kwa kuwa mchango wa bima ya uangalizi hupungua. Na mkeo, akishahamia kwako Ujerumani akiwa hana kipato au ana kipato kidogo, huingia kwenye uanachama wako wa bima ya umma bila malipo ya ziada, wakati bima binafsi hutoza kila kichwa.

Leo hii mwandikie wakala kwamba bima utaishughulikia mwenyewe. Jaza maombi ya mfuko mmoja wa umma kwa intaneti ukiwa na barua ya chuo; wao ndio watakaokitaarifu chuo kwa njia ya kielektroniki kwamba una bima, nawe utasajiliwa. Fomu ya wakala ibaki bila sahihi, na ikifika Ijumaa akakupigia simu kukuhimiza, muulize akusomee kwa Kiswahili mstari ulio juu ya mahali pa sahihi.